Saa Moja Bila Dizeli

SEHEMU YA KUMI NA NNE

Tulimwacha Mzee Pipa na kidole puani.

Wiki nzima mmenisumbua kwa ajili ya kidole hicho. Msomaji mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya benki akaniambia si uungwana kumwacha mtu mzima katika hali ile siku saba, tena mbele za watu. Ana haki. Basi tukitoe.

Kwa aliyepanda leo, shika haya mawili matatu kisha twende. Mzee Pipa ana kituo cha mafuta alichokianza na pipa moja kando ya barabara. Mwanawe wa pekee anaitwa Funeli, kwa sababu hatembei bila funeli kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Funeli anampenda Spana, fundi wa injini, na Spana naye anampenda Funeli, Mungu amsaidie.

Tatizo ni shimo. Nyuma ya kituo Spana amejenga shimo la matofali la kuvundika samadi na maganda ya sokoni. Shimo linatoa gesi, gesi inajaza mfuko mkubwa wa turubai, na Spana anasema gesi hiyo itaendesha jenereta ya kituo. Mzee Pipa akaapa: hapeleki posa kwa msichana anayetaka kuyazika mafuta, mpaka jenereta iende saa moja kamili kwa hiyo gesi yake, bila tone la mafuta ya kuchimbwa ardhini.

Na kwa kuwa injini ya dizeli haina plagi, gesi peke yake haishiki moto ndani yake. Walikubaliana kwamba kitenki kidogo cha juu kitiwe mafuta ya kupikia, yale yaliyokwisha kukaangia viazi, kidogo tu ya kuuchokoza moto.

Dakika ya arobaini na moja, watu wakiwa wanapiga makofi, Mzee Pipa akatumbukiza kidole ndani ya kitenki, akakinusa. Hapo ndipo gazeti lilipoishiwa nafasi.

"Dizeli," akasema Mzee Pipa.

Makofi yakakatika.

"Siyo, baba," Spana akasema. "Ni mafuta ya viazi. Nimeyachuja mwenyewe mara tatu."

"Binti, mimi nimeanza kunusa dizeli kabla hujaota meno. Hii ni dizeli. Tena ni ya tenki langu namba mbili, lile lenye kutu."

Akampelekea kidole Mwalimu. Huyu alifundisha hesabu miaka thelathini na sita, na siku hiyo ndiye alikuwa mshika saa na mwamuzi. Mwalimu akanusa, akapiga chafya, akafuta miwani.

"Namba mbili sijui," akasema. "Lakini dizeli ni dizeli."

Spana akaizima jenereta. Taa za bango la kituo zikafifia, pampu zikanyamaza, na watu wote uwanjani wakamtazama yeye. Alikuwa na grisi shavuni na machozi yaliyokuwa yanatafuta njia, akayazuia. Miezi saba alichimba lile shimo. Leo ameitwa tapeli na mtu ambaye yeye anataka kumwita baba mkwe.

"Umeniibia," Mzee Pipa akasema, "halafu ukanidanganya kwa mali yangu mwenyewe."

"Baba, naapa sijagusa pampu yako."

"Basi dizeli imeruka ukuta?"

"Ni mimi."

Sauti ilitoka karibu na pampu ya kwanza. Alikuwa Funeli. Rangi ya uso wake ilikuwa imeondoka bila kuaga.

"Wewe nini?" baba yake akauliza.

"Niliyetia. Asubuhi nilipita pale, nikakiona kitenki kiko nusu. Mkono ukaenda wenyewe, baba. Sikumbuki hata kama nilimimina. Nakumbuka tu nilikifunika na kukipangusa."

Hapa lazima nimtetee kijana. Kwenye ukuta wa ofisi ya kituo kuna maneno ya rangi nyekundu yaliyoandikwa na Mzee Pipa mwenyewe: TENKI HALILALI NJAA. Funeli alijua kuyasoma maneno hayo kabla ya jina lake. Tangu ana miaka mitano amefundishwa kwamba tenki likiwa nusu ni aibu ya nyumba nzima. Amekwisha kujazia pikipiki za watu waliokuja kuuliza njia tu. Mwaka juzi alilijazia gari la maharusi mara mbili, likaenda likimwaga petroli hadi mlangoni mwa ukumbi.

Spana akamsogelea polepole.

"Umenijazia," akasema.

"Sikutaka uishiwe."

"Funeli."

"Nakupenda."

"Najua. Nipe hiyo funeli."

Akaichomoa mfukoni akampa. Spana akaichomeka mkandani kwake, na Funeli akasimama akipapasa mfuko mtupu wa nyuma, hajui mikono aipeleke wapi.

Mzee Pipa alikuwa anacheka. Sikatai, alikuwa na sababu. Alicheka mpaka kitambi kikamtoa shati nje ya suruali.

"Limekwisha," akasema. "Sharti ni sharti. Tone lilikatazwa, limepatikana lita nzima. Nendeni mkale."

"Halijaisha," akasema Mwalimu.

"Nani kasema?"

"Hesabu imesema. Sharti lilikuwa kati yako na fundi. Aliyetia dizeli ni wa nyumba yako, kwa mafundisho yako, na dizeli ni ya tenki lako. Mchezaji wako akiushika mpira, penalti wanapiga wapinzani."

Wauza mboga wakashangilia. Maganda yao ndiyo yamo shimoni, na tangu asubuhi walijiona kila mmoja ana hisa katika jambo hili.

Mzee Pipa akatazama huku na huku. Anaijua biashara, na anajua mtu akionekana anaogopa shimo la samadi, kesho wateja watamtania hadi kaburini.

"Sawa," akasema. "Saa moja mpya. Inaanza dakika kumi kuanzia sasa, isipoanza ndiyo basi. Na mafuta yenu ya viazi mkayatafute."

Mnauona mtego? Mkaanga viazi humwaga mafuta yake jioni, na ya jana yote yalikuwa ndani ya kitenki, yameshaoana na dizeli ya namba mbili. Spana akafungua bomba, akayamwaga yote kwenye ndoo, akakisuuza kitenki kwa maji ya sabuni, akakikausha kwa gauni lake la kazi. Dakika sita zikaenda. Kitenki kilikuwa safi na kitupu.

"Baba yako anajua unachokifanya hapa?" Mzee Pipa akamuuliza, kwa sauti ya chini kidogo.

Spana hakuinua kichwa. Niwakumbushe kwamba baba yake ni Mzee Honi, dereva wa lori la mafuta. Lori lile lile linaloleta mafuta kwenye kituo hiki. Miaka ishirini na miwili barabarani, na kila lita aliyoibeba ndiyo iliyomlea Spana, kumvika na kumlipia ufundi, kwa sababu mama yake hakuwepo. Akiingia mjini hupiga honi tatu, ndefu mbili na fupi moja, ili bintiye abandike chai.

"Anarudi kesho kutwa," Spana akasema. "Nitamwambia nikishashinda."

"Na ukishindwa?"

"Hapo sitakuwa na cha kumwambia."

Dakika ya nane. Mlango wa uani wa nyumba ya Mzee Pipa, iliyoshikana ukuta na kituo, ukafunguka. Akatokea Mama Funeli, amejifunga kitambaa kichwani, mkononi ana chupa ya mafuta ya kupikia iliyojaa hadi shingoni.

"Chukua, mwanangu."

"Mama Funeli," mumewe akasema, "hayo si ya chakula changu cha mchana?"

"Hayo yamekwisha kukaangia vitunguu vyako."

"Uko upande wa nani?"

"Niko upande wa jikoni," akasema, akarudi ndani.

Spana akachukua ile funeli, akamimina. Akafungua koki ya gesi, akashika mpini, akazungusha. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, moshi. Funeli akafumba macho. Mara ya tatu jenereta ikakohoa, ikatafuta pumzi, ikaipata.

"Saa tano na nusu," Mwalimu akatangaza, akaiandika kwenye boksi la sabuni.

Wasomaji wangu, kuna furaha ya arusi na kuna furaha ya injini. Taa za bango ziliwaka mchana kweupe. Pampu zikafufuka. Dereva mmoja wa teksi akaingia kujaza petroli, akaambiwa pampu inayomjazia inaendeshwa na kinyesi cha ng'ombe wawili wa Mama Funeli, akacheka hadi akasahau chenji. Akatoka akaenda kuwaambia wenzake. Baada ya robo saa kulikuwa na foleni ya teksi ambayo kituo hakijaiona tangu mwaka uanze, wote wanataka kunywesha magari kwa nguvu ya samadi.

Mzee Pipa akawa kwenye mtihani mgumu: anauza kuliko siku zote, na kila anayenunua anamcheka.

Dakika ya ishirini, jenereta inaenda. Dakika ya thelathini, inaenda. Dakika ya arobaini na moja, pale pale ilipovunjika mara ya kwanza, Mzee Pipa akatumbukiza tena kidole kitenkini. Akanusa. Akanusa tena. Akakilamba.

"Kitunguu," akasema kwa huzuni.

Dakika ya arobaini na nane Spana akageuka kuutazama mfuko wa gesi.

Mfuko ulikuwa umenywea. Asubuhi ulisimama umejaa hadi kimo cha mtu. Sasa umelala chini, umekunjamana. Ile mbio ya kwanza ilikula sehemu kubwa, hilo alilipigia hesabu. Lakini hata kwa hesabu hiyo ulitakiwa ubaki na theluthi. Kitu kingine kilikuwa kinakunywa gesi.

Akainua macho, akamwona Mama Funeli dirishani. Wanawake wawili wakatazamana, na wote wawili wakakumbuka jambo moja kwa wakati mmoja.

Mzee Pipa si mjinga. Alifuata macho ya fundi, akaona mpira mwekundu unaotoka kwenye mfuko kuelekea kwenye jenereta. Akaona pia, chini ya majani, mpira wa pili. Ulipita kando ya zizi, ukakata kona, ukaingia kwenye tundu la ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

"Huo unaenda wapi?" akauliza.

Akageukia dirisha.

"Mama Funeli. Huu mpira unaenda wapi?"

"Jikoni," mkewe akasema kutoka dirishani.

"Jikoni kwa nani?"

"Kwani hapo una jiko la nani jingine, baba?"

Mzee Pipa akakaa juu ya pipa. Ni yeye aliyeapa mezani, mbele ya mkewe na mwanawe, kwamba gesi ya samadi haitapika chakula chake hata siku moja.

"Haikupika siku moja," Mama Funeli akasema. "Imepika siku tisini na mbili. Msichana alitaka samadi ya ng'ombe wangu, na mimi nilichoka kukohoa moshi wa mkaa. Tukakubaliana."

"Chai ya leo asubuhi?"

"Hiyo."

"Na ule mchuzi wa Jumapili?"

"Ule uliojipakulia mara mbili, ukasema nimebadilisha viungo? Huo huo."

Watu hawakucheka hapo hapo. Walimtazama kwanza kama atacheka yeye. Hakucheka, wakacheka wao.

Lakini Spana hakuwa na muda wa kicheko. Mlio wa jenereta ulikuwa umeanza kuwa mwembamba. Akakimbia hadi dirishani.

"Mama, nini kiko jikoni?"

"Maharage."

"Yameiva?"

"Yako nusu."

Dakika ya hamsini na tatu. Ndani ya mfuko ilikuwa imebaki gesi ya dakika saba kwa mmoja tu. Kwa wawili haitoshi. Maharage yakiendelea, jenereta inazimika. Jenereta ikiendelea, Mzee Pipa anashinda njaa.

"Mama, tafadhali, zima jiko," Funeli akasema.

Mama Funeli akakunja mikono. "Mimi siyagusi. Kila siku naambiwa chakula cha baba mwenye nyumba hakichezewi. Baba mwenye nyumba yuko hapo, miguu anayo. Aje azime mwenyewe."

Ndipo wote wakamgeukia Mzee Pipa.

Alikuwa amekaa juu ya pipa, hana la kufanya ila kukaa. Akikaa tu ameshinda. Hakuna wa kumlaumu, maana ni chakula chake, nyumba yake na kiapo chake. Spana alimtazama mara moja, hakumwomba. Nadhani angemwomba angekataa.

Dakika ya hamsini na nne jenereta ikakosa pigo moja. Dakika ya hamsini na tano ikakosa mawili. Taa za bango zikapepesa. Ikaanza kupumua kwa shida, ikivuta na kukosa, na mtu yeyote aliyewahi kuishi na injini anajua sauti ile. Ni injini yenye njaa.

Mzee Pipa akashika ukingo wa pipa. Akabana meno. Akatazama ukuta wa ofisi, kwenye maneno yake mwenyewe mekundu, akageuza uso haraka, na masikio yakabaki pale pale yanasikia.

Jenereta ikakohoa.

"Aa, jamani," Mzee Pipa akasema, akasimama, akakimbia.

Nawaambia alikimbia. Mtu huyu hajakimbia tangu Funeli alipozaliwa. Kandambili moja ilibaki zizini. Alipita mlango wa uani kwa ubavu, kikasikika kishindo cha stuli, kikasikika kifuniko cha sufuria kinaanguka na kuzunguka sakafuni muda mrefu. Halafu kimya jikoni.

Jenereta ikavuta pumzi. Ikavuta tena. Mlio ukanenepa, taa zikatulia, bango likawaka lote.

Funeli akaanza kulia waziwazi, bila hata kujificha. Spana alimshika mkono kwa mkono wake wenye grisi, na hakuna aliyewaambia waachane.

"Hamsini na nane," Mwalimu akasoma. "Hamsini na tisa." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, yeye aliyesahihisha mitihani miaka thelathini na sita bila kutetemeka. Akauinua mkono wenye saa. "Saa sita na nusu. Saa moja kamili. Fundi amepata mia kwa mia."

Sitawaeleza kelele. Wauza mboga walirusha kabichi juu, na si zote zilidakwa. Teksi zote kwenye foleni zikapiga honi. Mama Funeli alitoka jikoni akipiga vigelegele, na nyuma yake akatoka mumewe, mguu mmoja una kandambili na mmoja hauna, mkononi ana mwiko, anatafuna.

"Hayajaiva," akasema.

Akatafuna. Watu wakangoja.

"Lakini yana ladha," akaendelea. "Nimeshindwa. Tena nimefurahi, na sijui kwa nini nimefurahi, kwa hiyo mtu asiniulize." Akamgeukia Spana. "Wewe binti una kichwa kigumu kuliko mimi. Nyumba hii imekuwa ikikosa mtu wa namna hiyo. Posa inapelekwa, na inapelekwa leo hii kabla sijabadilisha mawazo. Baba yako akirudi hiyo kesho kutwa..."

Honi ikalia barabarani. Ndefu. Ndefu nyingine. Fupi.

Mkono wa Spana ukapoa ndani ya mkono wa Funeli.

Lori likapinda taratibu likaingia kituoni, jeupe, refu, lina vumbi la mikoa yote. Likasimama. Mlango ukafunguka, akashuka Mzee Honi, mwembamba, kofia mkononi, meno yote nje.

"Barabara ilikuwa nyeupe," akasema, "nimewahi siku mbili. Kuna nini hapa, arusi?"

"Inakaribia kuwa," Mzee Pipa akasema, akaficha mwiko nyuma. "Mzee mwenzangu, ulikuwa unangojwa. Nataka kukuomba jambo kubwa kuhusu huyu binti yako."

Mzee Honi akamtazama bintiye, akamtazama Funeli, akaiona ile mikono miwili. Akatabasamu polepole. Si mtu wa kuambiwa mara mbili.

Kisha akainua kidole watu wanyamaze, akatega sikio. Madereva wa zamani husikiliza injini kabla ya watu.

"Subiri," akasema. "Hiyo jenereta. Miaka yote inatoa mlio wa mgonjwa, leo inaimba. Spana, ni wewe uliyeitengeneza?"

"Ni mimi, baba."

"Nilijua tu." Akageukia umati, kifua mbele. "Lakini fundi bila mafuta mazuri hafiki mbali, jamani. Dizeli hiyo niliileta mimi, safari iliyopita, siku tatu bila kulala. Niliwaambia depo, hii ni safi, hii itaimba." Akamshika bintiye bega, macho yamejaa maji ya furaha. "Eti mwanangu. Si ni mafuta yangu hayo?"

Mwalimu akalifunika boksi la sabuni kwa kiganja. Mzee Pipa akayatazama maharage yaliyobaki kwenye mwiko. Wauza mboga wote wakaona kitu cha maana mawinguni.

Jenereta iliendelea kuimba.

Spana akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kufuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Baba yake akangoja, bado anatabasamu. Vidole ni kumi tu, na cha kumi kilikuwa kimeshafutwa.